Kumwachisha mtoto nyonyo: kupunguza, kukatisha au kuiaga?

Njia zote za kumwachisha mtoto nyonyo zina kilio ndani yake. Kinachotofautiana ni lini kilio hicho kinakuja, kinachukua muda gani na nani anakisikia. Ipo njia inayokimaliza chote ndani ya siku chache, usiku wa manane, majirani wakisikia. Ipo nyingine inayokigawa vipande vidogo vidogo kwa wiki kadhaa, na vingi vya vipande hivyo vinaangukia mikononi mwa dada anayebaki na mtoto wewe ukiwa kazini. Ndiyo maana mama mmoja atakuapia kwamba kukatisha ghafla ndiyo dawa, na jirani yake mwenye mtoto wa umri uleule akakwambia huo ni ukatili. Kila mmoja anaeleza nyumba yake.

Nyonyo ninayoizungumzia ni ile chuchu ya silikoni au mpira yenye pete ya kushikia, ambayo Nairobi wengi huiita pasifaya. Chuchu ya chupa ya maziwa ni habari nyingine, ingawa tutakutana nayo mbele kidogo. Na mtoto ninayemfikiria ni wa kuanzia mwaka mmoja hadi karibu miaka minne, yule anayejua kuitafuta chini ya mto, na akiikosa anajua kudai.

Una haraka kiasi gani?

Kabla ya kuchagua njia, tazama umri. Katika mwaka wa kwanza nyonyo ina watetezi wenye hoja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kinashauri mtoto apewe nyonyo anapolazwa, baada ya kunyonya ziwa kukaa sawa, kwa sababu tafiti zimeihusisha na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Upande wa pili, zile hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji zilizotolewa na WHO na UNICEF mwaka 1989 zilisema watoto wanaonyonya wasipewe nyonyo wala chuchu bandia kabisa. Zilipopitiwa upya mwaka 2018, agizo hilo lililegezwa: mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari zake. Kwa hiyo usishangae muuguzi wa makamo kliniki akikukunjia uso kwa kuiona shingoni mwa mtoto, na daktari kijana chumba cha pili akaipita kama hakuiona. Walifundishwa nyakati mbili tofauti.

Mtoto akishavuka mwaka, ile faida ya usingizi wa mtoto mchanga imeisha, na hesabu ya hasara inaanza kupanda. Ya kwanza ni masikio: watoto wanaonyonya nyonyo mchana kutwa hupata zaidi maambukizi ya sikio la kati. Ya pili ni meno. Mtoto akiendelea nayo sana, meno ya mbele ya juu na ya chini huacha kukutana anapouma, pakabaki uwazi wenye umbo la nyonyo yenyewe. Taya la juu nalo linaweza kuwa jembamba, meno ya nyuma ya juu yakakaa ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika. Uwazi wa mbele mara nyingi hujirekebisha mtoto akiacha mapema, lakini tatizo la taya ni gumu zaidi kujirudi lenyewe. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani, AAPD, kinashauri nyonyo iwe imeachwa kufikia miezi 36 au kabla ya hapo.

Hapo ndipo haraka yako inapopimwa. Mwenye mtoto wa miezi 14 ana nafasi ya kwenda taratibu, hata kuanza, kusimama na kuanza tena. Mwenye mtoto wa miaka mitatu na nusu ambaye meno yake ya mbele yameshaanza kuachana hana nafasi hiyo, na asipoteze muda kwa njia ya miezi mitatu.

Kipimo cha pili ni saa. Mtoto anayeinyonya dakika chache kisha ikamdondoka akilala si sawa na yule anayetembea nayo mdomoni tangu asubuhi, anaongea nayo, anacheka nayo, anaitoa kula tu. Wazazi wengi wanapolinganisha njia wanasahau kulinganisha watoto.

Kupunguza polepole

Njia hii inaibana nyonyo kwenye kona ndogo zaidi ya siku, hatua kwa hatua, mpaka ibaki kitandani, kisha iondoke hata hapo. Mpangilio unaofanya kazi kwa wengi ni kuanza na saa ambazo mtoto haihitaji kweli: akiwa anacheza, akiwa nje, akiwa na watoto wenzake. Halafu safarini. Halafu usingizi wa mchana. Usiku ndio wa mwisho, maana ndipo ilipojichimbia.

Kuna mambo madogo yanayoamua kama itafaulu. Kile kikamba cha kuifunga nyonyo kwenye shati kiondoke siku ya kwanza, kwa sababu kitu kinachoning'inia kifuani kinamkumbusha mtoto kila dakika. Nyonyo ibaki moja, si ile ya kwenye mkoba, na ya kwenye gari, na ya akiba kwa bibi. Na ikae mahali pasipoonekana. Kopo lenye mfuniko juu ya kabati linatosha. Mtoto akiidai saa tano asubuhi, jibu si "hapana". Mwambie, "Nyonyo iko kitandani. Unataka tukalale?" Mara nyingi atakutazama, atatazama magari yake ya kuchezea, na ataamua mwenyewe. Akisema ndiyo, mpeleke kweli, alale nayo. Kanuni inabaki ileile, na yeye hajashindwa vita.

Ushahidi mzuri zaidi wa njia hii unatoka Finland. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wazazi wa kundi moja la kliniki walielekezwa kuitumia nyonyo wakati wa kusinzia tu, na wazazi wa kundi jingine hawakupewa maelekezo hayo. Watoto wa kundi la kwanza walipata maambukizi ya sikio la kati kwa asilimia 29 pungufu. Angalia vizuri: hawakuachishwa nyonyo. Walipunguziwa saa tu. Kwa hiyo hata mzazi ambaye hayuko tayari kumaliza leo anapata kitu kwa kuishia nusu ya njia, na hii ni sifa ambayo njia nyingine yoyote hapa haina.

Udhaifu wake ni kwamba inategemea watu wengi. Mama akiwa na kanuni, baba akiwa na huruma, bibi akiwa na kanuni zake mwenyewe, mtoto anajifunza jambo moja tu: nyonyo ipo, ni suala la kulia kwa muda wa kutosha mbele ya mtu sahihi. Kumpa mara moja moja baada ya kilio kirefu ni kubaya kuliko kumpa moja kwa moja bila kelele, kwa sababu umemfundisha kwamba kilio kirefu kinalipa.

Na hapa kuna jambo ambalo akina mama waajiriwa hatulisemi vya kutosha. Unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kumwambia dada, "Usimpe nyonyo mchana." Umemwachia nguo za kufua, sufuria jikoni na mtoto aliyezoea kutulizwa kwa sekunde mbili. Atampa. Si ukaidi, hana la kufanya. Kama unachagua kupunguza, kaa naye siku mbili tatu za mwanzo, muone pamoja mtoto anatulia kwa nini: kubebwa mgongoni, maji ya kuchezea kwenye beseni, kutoka nje kuangalia kuku wa jirani. Kisha mpunguzie kazi nyingine wiki hiyo. Usipoweza kufanya hivyo, chagua njia nyingine, maana hii itakufia mchana ukiwa ofisini na hutajua imekufa.

Kukatisha mara moja

Unachagua siku. Nyonyo zote zinatoka nyumbani, pamoja na ile iliyopotea nyuma ya kochi, kwa sababu mtoto ataikuta kabla yako. Mtoto wa mwaka na nusu kwenda juu anaelezwa kwa maneno machache asubuhi na tena jioni: nyonyo zimeisha, leo tunalala bila nyonyo, mama yupo. Basi. Usiku wa kwanza utakuwa mrefu. Wa pili unaweza kuwa mrefu kuliko wa kwanza, na hapo ndipo wengi wanaporudi dukani. Kwa watoto wengi wiki haiishi kabla mambo hayajatulia, ingawa usingizi wa mchana unaweza kuchelewa kurudi, na wapo wanaoamua kuuacha kabisa.

Uzuri wake ni mmoja lakini ni mkubwa: hakuna maamuzi. Dada hawezi kumpa kitu ambacho hakipo. Bibi hawezi kumhurumia kwa kitu ambacho hakipo. Wewe mwenyewe saa nane usiku, ukiwa umechoka na akili imelala, huwezi kubadili mawazo. Katika nyumba yenye walezi wengi wasiokubaliana, kukatisha kunashinda kupunguza, hata kama mwenye nyumba kwa tabia ni mtu wa pole pole.

Lakini njia hii inahitaji kuta. Wanaoandika kuhusu malezi wakiwa kwenye nyumba inayojitegemea yenye bustani hawakuwahi kuishi kwenye vyumba vya kupanga ambavyo dari ni moja na kikohozi cha chumba cha tatu unakisikia. Mtoto akilia kwa saa moja na nusu saa saba usiku, si wewe tu unayejaribiwa. Kuna mlinzi aliyetoka zamu, kuna mwanafunzi wa mtihani, kuna mzee. Waambie mapema. "Jirani, wiki hii namwachisha mtoto nyonyo, mtatuvumilia" ni sentensi inayobadilisha kila kitu. Anayejua sababu hagongi ukuta, na pengine asubuhi atakuuliza mmeamkaje. Anzeni Ijumaa, au mwanzo wa likizo, siku ambazo watu wazima wawili wanaweza kupokezana. Mama aliye peke yake na anayeamka saa kumi kuwahi daladala anapewa ushauri wa kikatili akiambiwa "vumilia siku tatu tu".

Kukatisha hakumaanishi kumfungia mtoto alie peke yake mpaka achoke. Mshike, mbembeleze, mwimbie, mlalie pembeni. Unaondoa nyonyo, wewe hujaondoka. Na usimpe dawa ya mafua au ya kikohozi ili apate usingizi. Ushauri huo bado unatembea mitaani, na ni hatari kwa mtoto mdogo.

Kuna watu wanaoitumia safari kama siku ya kukatisha: wanakwenda kijijini Desemba, nyonyo "inasahaulika" Dar. Wazo si baya, kwani kijijini kuna binamu, mbuzi na shangazi wanne wa kumbeba, na mtoto anasahau mengi. Ila ifikirie safari yenyewe ya basi. Isahau baada ya kufika, si kabla ya kupanda basi la Moshi.

Zikiwekwa sambamba

Ukiangalia jumla ya kilio, sina hakika kama kuna njia inayoshinda. Kukatisha kuna kilio kikali cha siku chache, kupunguza kuna manung'uniko ya wiki nyingi. Ukiangalia saa ya kilio, tofauti ni kubwa: kupunguza kunalia mchana, kukatisha kunalia usiku. Mwenye majirani karibu na mlezi mzuri wa mchana achague kupunguza. Mwenye nyumba ya peke yake na mlezi wa mchana asiyetabirika achague kukatisha.

Ukiangalia uwezekano wa kurudi nyuma, kupunguza kuna mlango wazi muda wote, kwa sababu nyonyo bado iko juu ya kabati. Mtoto akiugua homa katikati, unaweza kusimama hatua uliyofikia, ukaendelea akipona. Kwa baadhi ya wazazi mlango huo ni faraja. Kwa wengine ndiyo sababu mtoto wa miaka minne bado anayo. Unajijua wewe ni wa aina gani. Yule ambaye kila Jumatatu anaanza kupunguza sukari kwenye chai na Alhamisi amerudi pale pale, akatishe.

Ukiangalia mtoto, yule wa mchana kutwa hafai kukatishiwa siku ya kwanza. Anapoteza kitu anachokishika saa kumi na mbili kwa siku, bila kujua hata njia moja nyingine ya kujituliza. Yule wa kusinzia tu hana cha kupunguziwa. Ukianza naye hatua za kupunguza unavuta muda bure.

Maoni yangu, kama unataka jibu moja, ni kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili na nusu afanyiwe zote mbili kwa mfuatano: punguza mpaka ibaki ya kitandani, kaa hapo wiki mbili tatu mpaka iwe kawaida, kisha katisha usiku uliobaki kwa mkupuo mmoja. Kupunguza usiku kwa nusu nusu, leo unampa na kesho unaichomoa akishasinzia, sijaona faida yake. Anaamka, anaitafuta, na mnaanza upya saa tisa.

Kuiaga

Hii inahitaji mtoto anayefahamu hadithi, kwa kawaida karibu na miaka mitatu. Mnakubaliana siku, mtoto anaitoa nyonyo mwenyewe, na anapata kitu badala yake au anaipeleka mahali. Copenhagen, katika bustani ya Frederiksberg, kuna mti ambao watoto hutundika nyonyo zao wanapoziacha, nyingine zikiwa na barua ndogo, na matawi yake yamejaa rangi kama duka la shanga. Ujerumani na Marekani wana hadithi ya kiumbe anayepita usiku kuchukua nyonyo na kuacha zawadi. Sisi hatuna mti huo, lakini mtoto aliyemwona kaka yake akitupa jino la utoto juu ya paa tayari anaelewa kwamba kuna vitu vya utotoni vinavyoondoka kwa heshima. Wazo ni hilohilo. Anaweza kuiweka kwenye bahasha, mkaifunga kwa gundi, mkaitupa pamoja jalalani mkipunga mkono. Anaweza kwenda nayo dukani "kulipia" mpira wa miguu, mkiwa mmeshazungumza na mwenye duka na kumlipa pembeni.

Ikilinganishwa na kukatisha, tofauti ni kwamba mtoto ana mkono katika uamuzi, na usiku akilia una la kumkumbusha: "Uliipeleka mwenyewe, ukarudi na mpira." Hapo kuna kilio bado, usidanganyike na picha za watoto wanaotabasamu. Ni kilio cha huzuni zaidi kuliko cha hasira, na hicho ni chepesi kukibembeleza.

Inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni uongo wa kutisha. "Paka ameichukua," "mwizi kaja," "kunguru kaiba." Umepata siku moja ya utulivu na mtoto anayeogopa paka, au asiyetaka kulala karibu na dirisha. Ya pili ni kumwambia ampe mtoto mchanga wa jirani. Kiafya si jambo la kufanya, na zaidi ya hapo, siku atakapoiona mdomoni mwa mwenzake, mkataba umevunjika.

Na ukishaiaga, usiwe na ya akiba. Mtoto aliyeitupa kwa sherehe kisha akapewa nyingine usiku wa tatu ameelewa kwamba sherehe zako ni mchezo, na mara ya pili hatakubali bahasha.

Mbili za kuachana nazo

Kupaka shubiri, mwarobaini au pilipili kuna heshima ya mababu, maana hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoachishwa ziwa. Lakini pilipili haibaki mdomoni. Mtoto anaitoa nyonyo kwa mkono, anafuta machozi kwa mkono huohuo, na sasa una tatizo la macho. Utomvu wa shubiri unaharisha. Hata pale ambapo uchungu hauna madhara, unafanya kazi siku moja mbili kwa mtoto mkaidi, ambaye hugundua kuwa nyonyo ikioshwa inarudi kuwa tamu. Kinyume chake, kuichovya kwenye asali au sukari ili atulie kunaozesha meno, na asali haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kukata ncha, au kuitoboa kidogo kidogo kila siku ili isivute vizuri, ndiyo njia inayosambaa zaidi siku hizi na ndiyo inayonitia hofu. Nyonyo iliyotengenezwa vizuri inapimwa isichanike. Ulaya ina kiwango maalumu cha nyonyo, EN 1400, na watengenezaji wenyewe huandika kwenye pakiti kwamba itupwe mara tu inapoonyesha mpasuko. Wewe ndiye unayeianzisha ule mpasuko, halafu unampa mtoto mwenye meno alale nayo gizani. Kipande cha silikoni kikikatika kinakwenda kooni. Ukisikia imemfanyia kazi mtu, amini. Na bado usiifanye.

Ipo pia njia ya kutofanya chochote. Watoto wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Kwa mtoto wa kusinzia tu, ambaye hajafika miaka mitatu na ambaye masikio na meno yake hayana tatizo, kusubiri miezi michache si uzembe.

Kinachoingia mahali pake

Njia yoyote utakayochagua, mdomo ule utatafuta kitu. Hatari kubwa ni chupa. Mama anafurahi mtoto ameacha nyonyo, hatambui kwamba sasa analala na chupa ya maziwa au juisi mdomoni, na meno ya mbele yanaanza kuoza kabla hajafika miaka mitatu. Kama anataka kunywa usiku, iwe maji, kwa kikombe.

Dole gumba ni hofu ya pili. Baadhi huhamia huko, na dole haliwezi kutupwa jalalani, ndiyo maana ni bora mtoto awe na kitu kingine cha kushika kabla nyonyo haijaondoka. Kipande cha khanga ya mama, ambacho hakijafuliwa siku mbili na kina harufu yake, kinafanya kazi kuliko midoli mingi ya dukani. Kianze kulala naye wiki moja kabla, nyonyo ikiwepo bado, ili vizoeane.

Usiunganishe na mabadiliko mengine. Kuachisha ziwa, kufundisha kukaa kwenye poti, kuhama nyumba, kuanza shule ya awali, dada mpya kuingia: kimojawapo kinatosha kwa mwezi. Mtoto anayeachishwa ziwa na nyonyo wiki moja amenyang'anywa vyote viwili vilivyomtuliza, na hata kukatisha kwa ustadi hakutakwenda vizuri.

Nyumba yenye nyonyo mbili

Kesi ngumu kuliko zote ni ya mama mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu na mchanga wa miezi mitatu, wote wananyonya nyonyo. Kukatisha kwa mkubwa kunakwama kwa sababu nyonyo hazitoki nyumbani. Zipo, anaziona, na anajua mdogo wake hana nguvu za kumzuia. Kuiaga kunakwama kwa sababu hiyohiyo.

Hapo kupunguza ndiko kunakobaki, na kwa mpangilio tofauti kidogo. Nyonyo za mdogo ziwe za rangi nyingine na zikae ndani ya chandarua chake tu, zisizunguke sebuleni. Mkubwa apewe kazi juu yake: yeye ndiye mwenye kuileta ikidondoka, mama aioshe, yeye amrudishie mdogo. Wengi hupenda cheo hicho kuliko nyonyo yenyewe. Akimpokonya mdogo na kuitia mdomoni, itoe bila kelele, ioshe, mrudishie mwenyewe, na mkubwa umkalishe mapajani, maana mara nyingi alichokuwa anakitafuta ni hapo mapajani. Usimwambie "wewe si mtoto tena". Anachokiona kila siku ni kwamba kuwa mtoto ndiko kunakolipa. Na usiku wake wa mwisho usubiri mpaka mdogo aanze kulala vipindi virefu. Watoto wawili wakilia kwa sababu mbili tofauti saa nane usiku, mama ni mmoja, nyonyo itarudi kabla ya saa tisa.